Vitanda 24 vya Shela: kuiga kwa namba mpango wa mahitaji ya vifaa (MRP) ili kujua ucheleweshaji unatoka wapi

kerezo_langoni

Assalaam aleikum. Naomba msaada wa wanaojua kupanga uzalishaji.

Karakana ya samani Lamu mjini ina oda ya vitanda 24 vya samadari vya nyumba ya wageni Shela. Vinatakiwa sita sita: mwanzo wa wiki ya 9, ya 10, ya 11 na ya 12. Sasa ni wiki ya 1. Kitanda kimoja kinakula:

- matendegu 4 (miguu) ya kukereza, kila moja futi 3 za mbao ya 4x4 (inchi)
- mifumbati 2 (mbao za ubavuni) na vitakizo 2 (mbao za kichwani na miguuni), vyote 6x2
- ubao wa mchago 1 wa nakshi, futi 6 za 12x2
- chaga 14 (mbao za kubeba godoro) za saiprasi
- boliti 8 na vanishi lita 1

Muda tunaouandika kwenye mpango: kuunga na kupaka vanishi wiki 1, kukereza wiki 1, mifumbati na vitakizo wiki 1, nakshi ya mchago wiki 2, mbao ngumu kutoka Mombasa wiki 3, chaga wiki 3, boliti wiki 2, vanishi wiki 1. Stoo ina matendegu 20 yaliyokwisha kukerezwa. Vingine vyote ni sifuri.

Mafundi wa nakshi ni 3, kila mmoja siku 5 na nusu kwa wiki, maana Ijumaa ni nusu siku. Ubao mmoja wa mchago ni siku 2 na nusu za fundi mmoja. Hao hao wanachonga pia milango: mmoja kila wiki mbili, na mlango mmoja unakula siku 12 za fundi. Kerezo (mashine ya kukerezea) ni moja, saa 44 kwa wiki, na tendegu moja ni saa 1 na dakika 15.

Wiki halisi ambazo oda 12 zilizopita zilichukua kufika, kwa mfuatano wa kuagizwa:

Mbao ngumu: 2, 3, 3, 7, 5, 3, 2, 4, 3, 3, 4, 3
Chaga: 2, 3, 3, 6, 4, 3, 2, 3, 3, 3, 3, 3
Boliti: 2, 1, 2, 2, 2, 3, 2, 1, 4, 2, 2, 1
Vanishi: 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 2, 1

Mbao na chaga hupanda lori moja hadi gati ya Mokowe upande wa bara, kisha mashua. Boliti na vanishi huja kama vifurushi vya basi.

Kila oda kubwa huenda vivi hivi: mafungu mawili ya mwanzo yanatoka, la tatu na la nne yanakwama. Mwenye karakana anataka kuajiri fundi wa nne wa nakshi. Je, naweza kuiga mpango mzima kwenye Excel nikaona kama fundi huyo ataondoa ucheleweshaji kabla hajaanza kulipwa?

---

mpango_malindi

Waaleikum salaam. Unaweza, lakini usianze na bahati nasibu (namba za kubahatisha). Tengeneza kwanza jedwali kavu ambamo kila kitu kinafika kwa wakati. Jedwali hilo likikataa, hakuna haja ya kulaumu barabara.

Kanuni ya MRP, tangu Joseph Orlicky alipoijenga kwenye viwanda vya Marekani miaka ya 1960, ni kwamba idadi ya matendegu haikisiwi. Vitanda vina oda. Matendegu yanahesabiwa kutokana na vitanda, na mbao kutokana na matendegu. Kila ngazi unairudisha nyuma kwa muda wake. Matendegu yako yanakuwa hivi (wiki maana yake mwanzo wa wiki):

Wiki: 7 | 8 | 9 | 10 | 11
Mahitaji ghafi: 0 | 24 | 24 | 24 | 24
Yaliyopo stoo: 20 | 20 | 0 | 0 | 0
Upungufu: 0 | 4 | 24 | 24 | 24
Kuanza kukereza: 4 | 24 | 24 | 24 | 0

Jumla ni matendegu 76, yaani futi 228 za 4x4. Hapa wengi wanakosea. Ikiwa asilimia 15 ya mbao unayonunua hupotea kwa nyufa na mafundo, usizidishe 228 kwa 1.15 (utapata 262). Gawa kwa 0.85: futi 268.2, basi agiza 270. Futi zile sita au nane zinazopungua ni matendegu mawili, na kitanda chenye matendegu mawili hakiuziki.

Kwa mchago asilimia haisaidii kabisa. Ukinunua mbao za 12x2 za futi 14, kila moja inatoa vipande viwili vya futi 6 na kipande cha futi 2 kisicho na kazi hapo. Vipande 24 ni mbao 12 kamili, bila nafasi ya fundo baya hata moja. Agiza 14.

Kerezo halina shida. Matendegu 24 ni saa 30, na una saa 44.

Nakshi ndiyo penye neno. MRP ya kawaida haijui kwamba mafundi wana mikono miwili. Inatoa mbao 6 za mchago wiki ya 6, nyingine 6 ya 7, 6 ya 8 na 6 ya 9, na inaamini kila fungu litatoka baada ya wiki 2. Pima kwa siku-kazi, maana yake kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Mafundi 3 kwa siku 5.5 ni siku-kazi 16.5 kwa wiki. Milango inachukua 6 kila wiki. Zinabaki 10.5, na kila ubao ni 2.5, kwa hiyo kasi yako ni mbao 4.2 kwa wiki. Mpango unadai 6.

Endelea kwa kujumlisha tangu wiki ya 6, mchago na milango pamoja:

Kufika mwanzo wa wiki 8: zinatakiwa 27, zipo 33
Wiki 9: zinatakiwa 48, zipo 49.5
Wiki 10: zinatakiwa 69, zipo 66
Wiki 11: zinatakiwa 90, zipo 82.5

Umeona? Fungu la kwanza na la pili linapita, la tatu linakosa siku-kazi 3, la nne linakosa 7.5. Ni dalili ile ile uliyoandika, na mbao haijachelewa hata siku moja. Kwa kuwa milango inaendelea kula sehemu yake, 7.5 gawanya kwa 10.5 ni wiki 0.71, karibu siku nne za kazi.

Dawa ya bure: mlango uliopangwa wiki ya 8 na 9 usogeze hadi baada ya wiki ya 11. Wiki hizo mbili nakshi yote inaenda kwa mchago. Kufika wiki ya 10 utakuwa na siku-kazi 54 za mchago dhidi ya 45, na kufika ya 11 ni 64.5 dhidi ya 60. Fundi wa nne naye angetosha (kasi inapanda hadi mbao 6.4 kwa wiki), ila utamlipa hata wiki ambazo hakuna oda ya vitanda.

Na tafadhali usitoe mbao zote 24 kwa mafundi siku moja ili "waanze mapema". Muda ambao kazi inakaa karakana ni kazi zilizofunguliwa gawanya kwa kasi ya kutoka. Zikiwa wazi mbao 12 kwa kasi ya 4.2, ni karibu wiki 3. Zikiwa 24, ni karibu 6. Wateja wa milango nao wataanza kulalamika.

---

bi_hesabu

Jedwali la mwenzangu ni sahihi, na kosa la kupanga nakshi lisahihishwe kwanza. Sasa tuingize barabara na bahari.

Ndugu kerezo, mpango wako unaandika wiki 3 kwa mbao ngumu. Kwenye rekodi, oda zilizofika ndani ya wiki 3 ni 8 kati ya 12. Chaga ni 10 kati ya 12, boliti 10, vanishi 11. Kila moja peke yake inaonekana ya kuridhisha. Lakini kitanda hakiungwi kwa kifaa kimoja. Vikiwa havitegemeani, nafasi ya fungu kupata vyote kwa wakati ni 8/12 × 10/12 × 11/12 × 10/12, yaani asilimia 42. Hapo ndipo wastani unapodanganya watu: kila mwenye kuleta anajiona yuko sawa, na fungu linachelewa zaidi ya nusu ya mara.

Namna ya kuiga. Karatasi ya kwanza weka rekodi zako 12, safu moja kwa kila kifaa. Karatasi ya pili, kila mstari ni jaribio moja la oda nzima. Kwenye mstari:

Muda wa mbao (inachota kwa kubahatisha moja ya rekodi 12): =INDEX(Rekodi!$B$2:$B$13, RANDBETWEEN(1,12))
Mbao kufika: wiki ya kuagiza + muda huo
Nakshi fungu la 1 kumalizika: =MAX(6, mbao kufika) + 6/kasi
Fungu la 2, 3 na 4: mwisho wa fungu lililotangulia + 6/kasi
Kuanza kuunga: =MAX ya matendegu, mchago, mifumbati, chaga, boliti na vanishi
Kuchelewa: =MAX(0, kumalizika - wiki ya ahadi)

MAX ndiyo roho ya kazi nzima. Usiweke wastani mahali pake. Kinachoamua siku ya kuunga ni kifaa cha mwisho kuingia mlangoni.

Kabla ya kuongeza bahati nasibu, weka 3 mahali pa muda wa mbao, agiza wiki ya 3, kasi 4.2. Nakshi imalizike 7.43, 8.86, 10.29 na 11.71. Ukipata tofauti, fomula ina kosa. Ukipata hizo, zinakubaliana na hesabu ya mpango_malindi: fungu la nne limepita wiki ya 11 kwa 0.71. Baada ya hapo ndipo urudishe RANDBETWEEN na kuvuta fomula chini mistari 1,000.

Majaribio 100 hayatoshi. Asilimia utakayopata inaweza kuyumba karibu 10 juu au chini. Kwa 1,000 inayumba kama 3. Na usisome wastani wa kuchelewa peke yake. Tumia PERCENTILE kwa 0.9 uone wiki ambayo majaribio tisa katika kumi yamekwisha. Hiyo ndiyo tarehe ya kumwambia mteja.

Ili kujua kifaa kipi kinakukwamisha, kifunge kimoja kimoja: andika muda wa mpango mahali pa bahati nasibu kwa boliti tu, angalia asilimia imepanda kiasi gani, irudishe, kisha chaga, kisha mbao. Lakini unapolinganisha, namba za bahati nasibu ziwe zile zile. Excel inazibadilisha kila ukigusa seli. Zinakili, kisha zibandike kama thamani kwenye karatasi nyingine, na fomula zote zisome huko. Bila hivyo unalinganisha bahati ya leo na bahati ya jana.

Boliti na vanishi usizihangaikie kwa kuiga. Ni vitu vidogo, havili nafasi. Weka stoo boliti 96 na vanishi lita 12, za mafungu mawili, na uagize nyingine kila fungu moja likitoka. Pesa yako ya akiba iende huko kabla haijaenda kwenye mbao.

---

randa_na_patasi

Mawili yamesahaulika.

La kwanza, yale matendegu 20 ya stoo. Yashikwe kwa mkono moja moja, yatazamwe kichwani na kwenye shingo ya nakshi ya kerezo. Yakiwa 6 yana ufa, akiba ni 14, upungufu wa wiki ya 8 ni 10 badala ya 4, na jedwali lote la 4x4 linabadilika. Kuhesabu stoo kufanyike siku ile ile kila wiki, Jumamosi jioni kwa mfano, kabla ya kupanga upya. Kupanga upya kila siku nako ni hasara: mafundi wanaambiwa leo mchago, kesho mlango, keshokutwa mchago. Wiki 3 za mbele zisiguswe ila kwa dharura.

La pili ni unyevu. Muda wa mbao haumaliziki mashua inapofunga gati. 4x4 hukauka polepole mno kuliko mbao ya unene wa inchi 2. Unene ukizidi mara mbili, muda wa kukauka huzidi zaidi ya mara mbili. Tendegu likikerezwa bichi, ufa hutokea vanishi ikiwa imeshapakwa, na hapo unapoteza mbao, kazi ya kerezo na kazi ya vanishi kwa mpigo. Ifanye ngazi yake kwenye orodha ya vipande: "4x4 iliyofika", chini yake "4x4 iliyokauka", na muda wake wenyewe kati ya hizo mbili. Kipimo cha unyevu kikionyesha bado ni mbichi, isipande kerezo. Ukiweza kununua 4x4 iliyokwisha kukauka, lipa hiyo tofauti ya bei.

---

kerezo_langoni

Shukran sana, nyote. Mlango wa wiki ya 8 umesogezwa, mteja wake amekubali. Matendegu yamehesabiwa: 17 mazima, 3 yana ufa. Fomula za nakshi zimetoa 7.43, 8.86, 10.29 na 11.71 sawasawa.

Bi hesabu, nimeweka RANDBETWEEN moja kwa mbao na chaga pamoja, kwa sababu zinapanda lori moja, na nyingine mbili za boliti na vanishi. Vifaa vyote kufika kwa wakati nikapata asilimia 51, si 42. Nimekosea wapi?

---

bi_hesabu

Hujakosea. Umefanya vizuri kuliko hesabu yangu. Tazama rekodi yako: chaga zilichelewa kwenye oda ya nne na ya tano, na mbao zilichelewa kwenye oda hizo hizo. Lori likikwama linakwama na vyote. Kwa hiyo mbao na chaga kwa pamoja ni 8 kati ya 12, na 8/12 × 10/12 × 11/12 ni 0.509. Vifaa vinavyosafiri pamoja vichotwe kwa namba moja, vinavyosafiri mbali mbali kwa namba tofauti.

Hilo linabadilisha dawa pia. Agiza mbao na chaga wiki 5 kabla, siyo 3. Oda ya tano ya rekodi inaingia ndani ya muda, inabaki ile ya nne tu. Boliti na vanishi zikiwa stoo, umefika 11 kati ya 12, asilimia 92 kwa upande wa vifaa. Kwa mchago unaoanza wiki ya 6, hiyo ni kuagiza wiki hii ya 1. 4x4 ya kwanza inahitajika wiki ya 7, lakini ipande lori hilo hilo. Itapata na siku za kukauka anazozisema randa_na_patasi. Na kwa matendegu 17, upungufu wa wiki ya 8 ni 7, jumla 79, futi 237, gawa kwa 0.85 upate 279. Agiza 280.

Fundi wa nne mjaribu kwenye mistari ile ile 1,000: badilisha kasi iwe 6.4, uache mbao kwa wiki 3 kama zamani. Utaona asilimia ya vifaa haisogei, maana fundi hawezi kuchonga ubao ulioko njiani.

Swali langu kwako: oda ya nne na ya tano ziliagizwa mwezi gani?

---

kerezo_langoni

Zote mbili Aprili. Mvua za masika, barabara ya Garsen ilikuwa na maji.

---

mpango_malindi

Basi gawa rekodi mara mbili: karatasi ya masika na karatasi ya miezi mingine. Ukiichanganya, wakati wa kiangazi unaogopa bure na wakati wa masika unajipa moyo usio na msingi. Oda hii ikiwa nje ya masika, iga kwa zile 10 zilizobaki. Mbao ndefu kuliko zote humo ni wiki 4. Bado agiza wiki 5 kabla, kwa sababu rekodi 10 ni chache na hazijaonyesha kila kitu kinachoweza kutokea kati ya Mombasa na Mokowe.

Kwa oda za kuanzia mwezi wa tatu, rekodi mbili hazitoshi kuigia. Hapo mbao za msimu mzima ziwe zimeshaingia stoo kabla ya mvua, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na mpango usome "iliyopo stoo" badala ya "iliyo njiani".